Nyayo kando ya ua, Lang'ata: mbwa, fisi au chui?

Wa Lang'ata
Wadau, habari za asubuhi. Baada ya mvua ya jana kuna nyayo kwenye tope nje ya ua, upande unaoelekea Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Vidole vinne, upana kama sentimita 10. Unyayo mmoja una alama ya kucha, mingine haina. Majirani wana mbwa wakubwa. Nitajuaje?

Msomanyayo
Kucha usizitegemee peke yake. Mnyama yeyote wa jamii ya paka, chui akiwemo, akiteleza kwenye tope huzitoa ili ajishike, na mbwa akipita udongo mgumu zake hazionekani. Angalia kisigino, yaani ile pedi kubwa nyuma ya vidole. Cha paka ni kipana, na ukingo wake wa nyuma una vinundu vitatu. Cha mbwa ni kidogo, cha pembe tatu. Halafu vidole viwili vya kati: kwa mbwa vinalingana, kwa paka kimoja kinatangulia, kama kidole chetu cha kati.

Fisi ana kucha butu zinazoonekana, na kisigino chake kimekatika mshazari. Miguu yake ya mbele ni mikubwa waziwazi kuliko ya nyuma, kwa kuwa kichwa na mabega ndiyo mazito. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa.

Rula na Tochi
Hiyo 10 umeipima wapi? Tope hutanuka mguu unapozama, kwa hiyo pima sakafu ya unyayo, si mdomo wake. Ukipima juu utaongeza hata sentimita nzima. Chagua unyayo usiozama sana, laza rula kando yake, piga picha simu ikiwa juu kabisa. Jua la saa sita hufuta vivuli. Likiwa limepanda, ziba kwa mwili wako na umulike tochi kutoka ubavuni.

Mvua ikirudi utazipoteza. Zungushia unyayo kipande cha chupa ya soda ya lita 2, koroga vikombe viwili vya plasta ya Paris kwa kimoja cha maji, mimina pembeni polepole, uache nusu saa.

Wa Lang'ata
Sakafu ni 8.5. Vinundu vitatu vipo, na kidole kimoja kimetangulia.

Msomanyayo
Basi ni jamii ya paka, na kwa kipimo hicho ni chui, pengine dume. Mondo, yule paka-mwitu mdogo, hafiki hapo, simba mzima huzidi 10. Mtoto wa simba angeweza kuacha 8.5, lakini hatembei bila mama, kwa hiyo kagua mita 20 kila upande kama kuna nyayo kubwa zaidi. Kagua ukiwa na mwenzako na jua limetoka, na usizifuate vichakani.

Wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, leo hii, uwatumie picha yenye rula. Mbwa na mbuzi walale ndani, penye paa: chui huruka ua wa mita mbili bila shida.