Mabosi watatu wamepita, tuliotupwa nje ni sisi wauzaji

Wakuu,

Kuna mtu kaandika humu kwamba kampuni ikiyumba "lazima ipunguze watu ipone". Inaonekana hujawahi kupunguzwa wewe. Mimi nipo Mwanga, Kigoma. Nimeuza simu za kampuni moja kubwa miaka sita, na nawajua kwa majina wavuvi wa Kibirizi wanaokuja kutaka kitochi kinachokaa na chaji siku nne ziwani.

Tangu mwaka jana tumeletewa mameneja watatu kutoka Dar. Wa kwanza akataka simu zitoke kwa mkopo. Wa pili akafuta mikopo, akatuachia sisi matusi ya wateja waliokwishalipa nusu. Wa tatu hata njia ya Ujiji alikuwa hajaizoea. Ijumaa saa kumi na moja jioni akatupia mistari mitatu ya kutuachisha kazi kwenye grupu la WhatsApp, na kabla sijamaliza kusoma nikaona nimetolewa. Tuko kumi na mmoja. Yeye kahamishiwa Mwanza, cheo juu.

Na msiniambie huo ni ushamba wa huku reli inakoishia. Nokia, hao hao wenye vitochi, walimchukua Stephen Elop kutoka Microsoft Septemba 2010. Februari 2011 akawaandikia wafanyakazi kwamba wamesimama kwenye jukwaa linaloungua moto baharini. Symbian, mfumo wao wa kuendesha simu, akauweka kando, akakumbatia Windows ya kule alikotoka. Mauzo yakaporomoka. Septemba 2013 ikatangazwa kwamba biashara ya simu inauzwa kwa Microsoft, na jamaa akarudi kwao na mkono wa kwaheri wa takriban euro milioni 18.8. Milioni kumi na nane! Kwa kazi ipi?

Februari 2014 Microsoft nao wakapata bosi mpya, Satya Nadella. Julai wakatangaza kupunguza hadi watu 18,000, na kama 12,500 kati yao ni wa upande ule wa simu. Aliyewaandikia barua ni Elop huyo huyo: salamu za kishkaji, mikakati aya kwa aya, halafu huko chini kabisa ndiyo unakutana na habari ya kazi yako. Mwaka 2015 wakaongeza 7,800 wengine. Wa kwetu angalau alifupisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi wajadili nani anaondoka na kwa vigezo gani. Sisi tulijadiliana na nani, na grupu? Kifungu cha 42 kinasema kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka sita ni siku 42. Wao wananipa mshahara wa mwezi mmoja na kuniambia nisaini kwamba sidai kitu. Sijasaini, na sisaini.

Malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa yafike CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Leo ni siku ya 12. Wenzangu wanne wameshasaini kwa sababu ya kodi ya nyumba, siwalaumu. Jumatatu naenda na mkataba na picha za grupu nilizotumiwa na dada wa stoo, ambaye hawajamtoa bado. Aliyewahi kujaza ile fomu namba 1, aniambie: meneja akishahama, jina la kuandika ni la kampuni au lake?