Kampuni yenye hisa zangu inataka kuungana na kubwa zaidi, nipige kura gani?

Mwenye uzi
Wakuu habari zenu. Nina hisa 1,000 za kampuni inayotengeneza mitambo ya mawasiliano, zile antena za minara na vifaa vya faiba, nimezikalia miaka sita sasa. Juzi dalali kanitumia kabrasha la kurasa mia mbili na ushee, kumbe kampuni kubwa ya biashara hiyohiyo inataka tuungane, kila hisa yangu wanaibadilisha na 0.6 ya kwao, taslimu hakuna hata senti. Bodi wanatuomba tupige ndiyo ila ukurasa wa 140 huko nimekuta wao wana donge nono dili likipita. Nipige ndiyo, hapana, au niuze nitoke zangu?

Mzee wa Chati
Hongera kwa kufika ukurasa wa 140 mkuu, wengi tunaishia kwenye barua ya mwenyekiti. Hiyo 0.6 haibadiliki ila thamani yake inacheza kila siku kwa sababu inafuata bei ya mnunuzi. Chukua bei yake ya leo zidisha kwa 0.6, halafu linganisha na bei ya hisa yako sokoni. Pengo likiwa kubwa ujue watu wanahofia dili litakwama au litachelewa.

Fundi Mnara
Mimi hiyo mitambo nimeifunga kwa mikono yangu. Wakiungana mnabaki na bidhaa mbili za kazi ileile, na huwezi kuua moja kesho yake maana wateja wameshafunga zote, kwa hiyo mnazihudumia zote mbili huku mnapunguza mafundi. Alcatel ya Ufaransa na Lucent ya Marekani, wote watengenezaji wa mitambo ya mawasiliano, waliungana 2006, kila hisa ya Lucent ikapewa 0.1952 ya Alcatel, 2008 mwenyekiti na mtendaji mkuu wote wakatangaza kuondoka. 2015 Nokia nao wakaja na ofa ya 0.55 ya hisa yao kwa kila hisa ya Alcatel-Lucent. Fanya hesabu, aliyeanza na 1,000 za Lucent akangang'ania mpaka mwisho kaambulia kama 107 za Nokia.

Mzee wa Chati
Fundi idadi siyo hoja, hoja ni bei.

Fundi Mnara
Na bei nayo si ilishuka? Haya.

Dada Hisa
Mkuu usikae kimya tu. Kampuni nyingi za Marekani muungano unataka zaidi ya nusu ya hisa zote zilizopo, siyo nusu ya waliopiga kura, kwa hiyo fomu ukiiacha kabatini umeshapiga hapana bila kujua. Na ndiyo ikishinda usidhani umemaliza, wanahisa wa Juniper, kampuni ya vifaa vya mtandao, walipitisha ofa ya kununuliwa na HPE (Hewlett Packard Enterprise) Aprili 2024, dola 40 taslimu kwa hisa, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, dili likafungwa Julai 2025.

Mwenye uzi
Nimepiga hesabu ya Mzee, pengo linakaribia asilimia 9, sijalipenda kabisa. Kesho nauza 500, hizo 500 zinazobaki nazipigia hapana.

Dada Hisa
Subiri, kabrasha lina tarehe ya daftari la wanahisa, yaani siku wanayoangalia nani ana hisa ngapi ili apige kura, iangalie. Kama imeshapita na siku hiyo ulikuwa nazo zote, kura yako kwa kawaida ni ya 1,000 hata ukiuza nusu kesho.

Mwenye uzi
Weee! Imepita tangu wiki iliyopita. Basi hapana 1,000.