Mjadala: Hizi orodha za maneno ya Kiingereza wanazokaririshwa watoto wetu zina faida gani?

Wadau, habari za jioni.

Binti yangu kaanza Kidato cha Kwanza. Juzi kaja na kaunta buku jipya, kurasa za mwanzo zimejaa maneno 100 ya Kiingereza, kila moja na maana yake ya Kiswahili pembeni. Ijumaa kuna jaribio. Anayekosa zaidi ya 30 anafagia uwanja.

Nilipoliona nikajikumbuka. Na mimi nilikaririshwa hivyo hivyo: "fierce" ni kali, basi. Tukapewa insha ya kueleza mama anavyopika, nikaandika: "My mother cuts onions with a fierce knife." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa huku ananguruma kama simba, kalamu mkononi ndiyo kisu. Nikaitwa Fierce mpaka namaliza Kidato cha Nne. Kosa liko wapi, hakuna aliyenieleza. Nimekuja kujua ukubwani kwamba hii kali yetu moja Mwingereza kaigawanya: kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", chai iliyokolea majani ni "strong", pilipili ni "hot". Mbwa ndiye "fierce".

Halafu kuna kupiga. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, mswaki, deki, kura. Kwenye orodha ya binti yangu imeandikwa "beat", kupiga. Sasa siku akitaka kusema amepiga picha?

Msimamo wangu ni kwamba orodha za neno moja maana moja zifutwe. Mpe mtoto maneno matano kwa siku, kila neno na sentensi mbili tatu, aone linakaa na nani. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliliandika hili mwaka 1957, kwamba neno utalijua kwa yale linayoandamana nayo. Na wanaotunga kamusi za wanafunzi wanajua: ile ya Longman ya 1978 ilifafanua maneno yake kwa msamiati wa msingi wa maneno yapatayo 2,000 tu, ikiongeza na mifano ya matumizi. Mtoto akiyamiliki hayo 2,000 sawasawa, mengine atajitafutia mwenyewe. Anayekariri 100 kila wiki na kuyasahau wiki inayofuata sijui anaelekea wapi.

Nakosoleka. Karibuni.

Mwalimu, shule ya kata:

Ndugu mzazi, pole kwa jina la Fierce, lakini njoo darasani kwangu. Wako 84. Wametoka kusoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na baada ya wiki chache za maandalizi karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilitaja Kiswahili kama lugha ya kufundishia ngazi zote, ila kitabu nilichoshika ni cha Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Maneno matano kwa siku? Ukurasa mmoja tu wa Biolojia una mapya ishirini. Mtoto asiye na neno hata moja hizo sentensi zako mbili tatu atazisomaje? Orodha ni ngazi ya kupandia.

Ninachokubaliana nawe ni hii maana moja. Chukua "power". Kwenye Fizikia ni kiasi cha kazi kinachofanyika kwa sekunde, kwenye Hisabati ni kipeo, kwenye Uraia ni madaraka. "Solution" kwa mwalimu wa Kemia ni myeyusho, akitoka yeye akaingia wa Hisabati, ni jibu. "Mean" ndiyo balaa kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa kumaanisha, wastani, au mtu mchoyo. Na ukiandika "respiration" ni kupumua umemkosesha mtoto alama. Kupumua ni "breathing", hewa kuingia na kutoka. Respiration iko ndani ya seli, chakula kinavunjwavunjwa kutoa nishati.

Kinachowaangusha zaidi si maneno magumu hata kidogo. Ni maneno ya kuamrisha kwenye swali: "state", "outline", "explain", "distinguish". Mtoto anajua jibu, ila ameambiwa ataje yeye anaeleza ukurasa mzima, muda unamwishia. Au ameambiwa aeleze, anataja.

Mtu wa mlimani, Moshi:

Mimi sijawahi kukariri orodha. Nilianza kubeba mizigo, nikaokota Kiingereza kwa wageni njiani, leo ni mwongoza watalii. Naongea siku saba bila kukwama, mpaka utani. Ila siku nimeambiwa niandike barua ya kuomba kazi kampuni nyingine, nilikaa na karatasi tupu saa nzima. Mlimani hakuna anayesema "hereby". Kwa hiyo na hayo matumizi mnayoyasifia, inategemea umeyatumia wapi.

Mama wa watatu:

Wangu walisoma shule ya kulipia, Kiingereza tangu chekechea, na mpaka leo nasikia "Mama, borrow me your phone." Kosa ni letu: "niazime" yetu inamtosha anayetoa na anayepokea. Mwingereza anataka "lend" kwa anayetoa, "borrow" kwa anayepokea. Orodha yoyote itakwambia yote mawili ni kuazima. Sasa hapo nani mkweli?

Mwanzisha mada:

Mwalimu, shikamoo. Baada ya kukusoma nilienda kulichungulia lile kaunta buku. Namba 41: "state", nchi, dola. Nikachukua swali moja la Biolojia, "State three functions of the root", nikamuuliza linataka nini. Akafikiri kwa makini kabisa, akasema, "Baba, si nchi tatu ambazo mizizi inafanya kazi?"

Orodha sijaichana. Jaribio la Ijumaa lipo palepale na uwanja ule ni mkubwa. Ila nimemwambia ageuze daftari, aanzie nyuma, kila neno aliandikie sentensi inayohusu kitu cha hapa nyumbani. Amefika la 23, na amekwama kwenye "charge". Anauliza ni ile ya simu au ile ya polisi.