MREJESHO: Gari iliyokuwa ikiwaka na kuzima baada ya kubadilisha kontroli boksi
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu Toyota IST yangu: kontroli boksi (kompyuta ya injini) liliingia maji, nikafunga la mtumba lenye namba ileile, gari ikawa inawaka sekunde mbili inazima.

Mliosema ni imobilaiza (kinga ya wizi inayozima injini isipoitambua funguo) mlipatia. Boksi la mtumba lilikuwa bado linazitambua funguo za gari lilikotoka. Fundi umeme alifungua yote mawili. Kwenye langu la zamani, kile kichipu kidogo cha kumbukumbu chenye miguu minane kilikuwa na kutu ya kijani. Akakisugua taratibu kwa mswaki na spiriti, akasoma data zake, akaziandika kwenye la mtumba. Swichi moja tu, ikawaka na kutulia.

Boksi bovu nilitaka kuliuza chakavu. Aliyenizuia, asante sana ndugu yangu.