Naomba ushauri: niseme vipi kwa Kikorea kwamba nimefurahi sana?

Mgeni wa Daegu: Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Daegu, Korea Kusini, na Jumamosi nimealikwa kwenye chilsun, yaani sherehe ya mzee anayetimiza miaka 70. Nimepanga kusema maneno machache ya furaha mbele ya watu, nayo ni haya: "Jangineoreun, na neomu haengbokhae." Je, yamekaa sawa? Naomba msaada wa haraka, kwani hata usingizi siupati.

Kobe Mzito: Hongera kwa kualikwa, mkuu. Mimi nilipokuwa Incheon nilihudhuria sherehe ya namna hiyo bila kujua neno hata moja, nikapewa miyeokguk, ile supu ya mwani wanayoipika siku ya kuzaliwa, nikanywa na kuongezewa, na hakuna aliyenidai hotuba. Wewe kula tu.

Fundi Sarufi: Hapana, sentensi hiyo itamletea balaa. "Na" na "haengbokhae" ni banmal, lugha ya marafiki na watoto, na mzee wa miaka 70 haambiwi hivyo mbele ya wageni wake. Pia haengbokhada huelekea zaidi kwenye hali ya mtu anayeishi kwa raha na kuridhika, ilhali furaha inayoletwa na tukio kama hili hubebwa vizuri zaidi na gippeuda. Sema: "Abeonim, chilsuneul jinsimeuro chukhadeurimnida. Hamkkehal su isseoseo jeongmal gippeumnida." Hapo umempongeza kwa dhati, na umesema kwamba unafurahi kwelikweli kuwa pamoja naye. Ila jangineoreun ni baba wa mke wa mtu. Umeoa?

Mgeni wa Daegu: Bado. Binti yake ni mchumba wangu, ingawa mzee ananijua kama mtu anayesoma na bintiye tu. Nimekusudia kutangaza nia siku hiyo hiyo, ukoo wote ukiwa umekusanyika na moyo wa mzee umelainika. Sikuona kama jambo hilo linahusu sarufi. Isitoshe, nimekwisha kulipia hyeonsumak, lile bango la kutundika ukumbini, lenye maneno hayo hayo kwa herufi kubwa, na wenye duka hawarudishi fedha.

Mama Nuru: Mwanangu, hata huku kwetu Tanga mtu haposi kwenye shughuli ya mwenzake, hutuma mshenga, akasubiri majibu kwa adabu. Siku hiyo ni ya mzee, si yako.

Bwana Mzaha: Bango litundikwe, lakini viti vya karibu na mlango aachiwe bwana harusi.

Mpekuzi: Mimi ninaona kisa hiki kimetungwa. Mtu mwenye mchumba Mkorea anakosaje wa kumsahihishia sentensi moja? Tena wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali ya Korea huanza na mwaka mzima wa lugha, kwa hiyo banmal angeijua.

Mgeni wa Daegu: Ninajilipia mwenyewe, na masomo yangu ni kwa Kiingereza. Mchumba sijamwambia kwa sababu nataka ashtukie furaha hapo hapo ukumbini. Kuhusu bango, mimi ni mgeni, watanisamehe.

Fundi Sarufi: Kiwe cha kweli au cha kutungwa, jibu ni lile lile. Mgeni husamehewa matamshi, lakini bango halina lafudhi. Halafu usije ukasema "Abeonim gippeoyo" ukidhani umesema mzee amefurahi. Gippeuda ikiachwa hivyo hueleza moyo wa msemaji mwenyewe. Furaha ya mwingine, unayoiona usoni pake, ni gippeohada, na kwa mzee ni gippeohaseyo.

Kobe Mzito: Bango limekwisha kuchapishwa, au umelipa tu?

Mgeni wa Daegu: Linachapishwa kesho asubuhi.

Fundi Sarufi: Basi wapigie leo kabla hawajafunga duka, libaki "Abeonim, chilsuneul chukhadeurimnida" peke yake.

Mgeni wa Daegu: Sawa, nitawapigia. Je, chini yake wakiandika jina langu na la binti yake kwa pamoja, kuna ubaya?