Naomba ushauri: dengu kwa spinachi za Kihindi zimenishinda mara mbili

Kaka wa Chumbageni
Assalaam alaykum, wana jukwaa. Jirani yetu mmoja wa Kihindi hapa Tanga alikuwa akituletea chana palak, yaani dengu nyeupe zile kubwa katika mchuzi mzito wa spinachi, ambacho kwao Punjab ni chakula cha kawaida cha nyumbani. Familia hiyo imehama, nami nimejaribu mara mbili kukipika bila mafanikio. Nililoweka gramu 250 za dengu usiku kucha, nikakaanga vitunguu, nikatia nyanya nne na viungo, nikamimina dengu pamoja na maji ya kisima na kuchemsha kwa saa mbili na nusu, lakini zikabaki ngumu kama kokoto. Spinachi niliitia mbichi nikafunika sufuria. Ikageuka rangi ya tope, tena ikaacha ukakasi kwenye meno. Jumamosi anakuja shangazi yangu, ambaye hali nyama. Nimekosea wapi?

Bibi Thomu
Wa alaykum salaam, mwanangu. Nyanya umezitia mapema mno. Uchachu wa nyanya, ukwaju au ndimu huzuia dengu zisilainike, na maji ya kisima yenye chokaa nyingi huzidisha ugumu huohuo. Zichemshe kwanza peke yake kwa maji ya bomba au ya mvua, na ukilazimika kutumia ya kisima, tia magadi kiasi cha ncha ya kijiko tu, kwa sababu yakizidi chungu kizima kitakuwa na ladha ya sabuni. Katika sufuria ya presha, dengu zilizolowekwa vizuri huhitaji kama nusu saa. Toa moja uibinye kati ya kidole gumba na cha shahada: ikipondeka bila kuacha kiini kigumu katikati, zimeiva, na hapo ndipo zikutane na nyanya.

Mpishi wa Zamu
Naongezea kuhusu mboga. Kinachouzwa sokoni kwetu kwa jina la spinachi, chenye majani mapana na mashina manene meupe, mara nyingi ni mmea mwingine wa jamii ya kiazisukari, na ule ukakasi unatokana na oksaleti iliyomo ndani yake. Ondoa mashina, tumbukiza majani katika maji yanayochemka kwa dakika mbili bila kufunika, mwaga maji hayo, kisha yatie majani katika maji baridi. Ukifunika sufuria, tindikali inayotoka na mvuke hurudi chunguni na kuua ukijani. Baada ya hapo yasage pamoja na pilipili mbichi.

Mwana wa Likoni
Samahani, ndugu, mimi sikubali kusaga yote. Nusu yakatwe kwa kisu, la sivyo utakula uji wa kijani. Kuhusu viungo, bizari nyembamba nzima itangulie kwenye mafuta ya moto, vifuate vitunguu hadi viwe vya kahawia, kisha tangawizi, thomu, nyanya, giligilani na manjano, na usiache kukoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hapo tia dengu pamoja na maji yake kidogo, ziache zinywe viungo kwa dakika kumi na tano, na mboga iingie mwisho kabisa. Wasomaji wa huku Kenya waangalie jina: ndengu zetu ni zile za kijani, yaani pojo, na si hizi.

Kaka wa Chumbageni
Nawashukuru nyote. Nilitumia maji ya bomba, na presha ilichukua dakika 35, pengine kwa sababu dengu zenyewe zilikuwa za siku nyingi dukani. Mboga nilisaga nusu, na ilibaki kijani hadi mezani. Shangazi aliongeza mara ya pili, akaniuliza nimetia samli ya wapi, nami sikutia samli hata kidogo.