Nina laki 4 na nusu nataka PC ya gemu, niko Kigoma, naombeni ushauri

Wakuu habari za muda huu, bajeti ndo hiyo na humo humo kuna hela ya kusafirisha mzigo kutoka Dar, nataka nicheze GTA V na PES hata kwa 720p mi sina makuu. Kuna jamaa hapa Mwanga anauza Dell OptiPlex 7010 mtumba, ile nyembamba, i5 kizazi cha 3, ramu 8GB, anataka laki 2 na nusu bila skrini (ntachomeka kwenye tv ya home, mama akimaliza tamthilia zake).

Kinachonichanganya ni kadi ya picha (graphics card). Pawa saplai yake wati 240 na haina waya wa pini 6 wa kuipa kadi umeme wa ziada, so naona ni GT 1030 ya wati 30, tena iwe yenye memori ya GDDR5 maana ya DDR4 ni kimeo, au GTX 1050 Ti ya wati 75, na zote lazima ziwe zile fupi kwa kimo (low profile) la sivyo kava halifungi. Roho inataka 1050 Ti ila naogopa saplai itazidiwa, na umeme wa huku unavyokatika katika daah.

Kuna aliyeifunga hiyo 1050 Ti kwenye 7010 nyembamba ikadumu? Na nikimtuma mtu Kariakoo aikague vipi kabla hajatoa hela?